Kikohozi cha Mwalimu Xavery

Ukiwauliza watu wa Endagikot habari za Mwalimu Xavery Akonaay, watakuambia ni mtu mkavu. Usiwaamini sana. Ni kweli aliwafundisha hesabu karibu wote, wazazi kwanza na watoto wao baadaye, na ni kweli hakuna aliyewahi kumwona akicheka darasani. Kwenye simu pia ana maneno matatu tu: haya, vizuri, na haya. Lakini mtu anayepanda vitunguu swaumu kwa kunyoosha kamba, kisha akarudi kung'oa mstari mzima kwa sababu umepinda kidogo, huyo si mkavu. Huyo ana mapenzi mengi na hajui ayaweke wapi.

Mengi aliyaweka kwa Gaudensia, bintiye wa pekee.

Gaudensia alipokuwa mdogo, alifanyia hesabu zake kwenye meza ya sebuleni, na baba yake alisimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, akitazama daftari juu ya bega la mtoto. Hakusema neno. Mtoto akikosea, baba alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha mtu aliyepaliwa na unga, na Gaudensia akikisikia tu alijua cha kufanya: kufuta na kuanza upya. Iliyomsumbua kuliko zote ni saba mara nane. Kila siku aliandika hamsini na nne. Baba akakohoa. Nne ikafutwa, ikaja sita. Mwalimu hakuwahi kumwambia "umekosa", wala hakuwahi kumwambia "hongera". Asipokohoa, binti alijua amepata, akainua uso na kutabasamu mwenyewe. Waliishi hivyo miaka yote na wakaelewana kuliko watu wengi wanaoongea kutwa.

Gaudensia akakua, akawa mwalimu wa Jiografia, akapangiwa sekondari kule Basotu, upande wa Hanang. Huko akakutana na Tito, kijana wa mzee Gidamis, ukoo wa Wadatoga, wafugaji wenye ng'ombe wengi na maneno machache. Kwa hayo maneno machache, Mwalimu Xavery aliwapenda wakwe zake siku ile ile ya kwanza. Ndoa ikafungwa kanisani. Ilipofika zamu ya baba wa bibi harusi kutoa nasaha, watu walikaa vizuri wakitegemea hotuba ndefu ya mwalimu mstaafu. Akasimama, akamtazama bintiye, akasema, "Ukifika kwao, angalia wanavyofanya, ufanye hivyo." Akakaa. Mshereheshaji alibaki ameshika kipaza sauti, hajui kama nasaha imekwisha au ndiyo inaanza.

Basi binti akaenda, na nyumba ikabaki na simu. Jumapili kwa Jumapili mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima, baba. Nyumbani wazima?"

"Haya. Vizuri."

Kisha kimya, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake, mpaka Marieta, mke wa Mwalimu, alipochoka na kuichukua simu. Kwa mama yake Gaudensia aliongea mpaka bando likakata. Alisimulia bei ya samaki, wifi yake Monica, mvua, na hasa yule kapteni wake wa darasa: kapteni kafanya hivi, kapteni kafanya vile. Marieta alimjua huyo kapteni kuliko alivyowajua watoto wa jirani, ila jina lake hakuwahi kulisikia. Mwalimu alikaa pembeni akisikiliza mabaki.

Siku moja, wakiwa wanachambua vitunguu uani, akasema ghafla, "Huyu mtoto ananisahau."

"Atakusahau vipi?" Marieta akamjibu bila kuinua macho. "Huna ulichomwambia. Hana hata cha kusahau."

Alikuwa anatania, lakini neno lilimchoma Mwalimu. Alichambua vitunguu vyake vyote vilivyobaki, na usiku hakupata usingizi vizuri. Aliogopa. Huyu mtu aliyekaripia vizazi viwili bila kutetereka aliogopa kwamba mwanaye atazoea kuishi bila yeye, taratibu, bila ugomvi wowote, na ya kwamba atakapogundua itakuwa imeshatokea.

Ikaja habari ya kompyuta. Mzee Gidamis alimwona mkwewe akichapa mtihani mzima kwenye simu kwa kidole gumba, akauliza kama hakuna chombo cha kazi hiyo. Akaambiwa kipo. Hakusema zaidi. Mnada ulipofika akauza dume lake moja, na Gaudensia akapata kompyuta mpya. Mwalimu Xavery aliposikia, aliliwaza jambo hilo kutwa nzima. Mfugaji kuuza dume kwa ajili ya vitabu na mitihani ya mkwe si jambo dogo, na Mwalimu alikosa namna ya kushukuru inayolingana nalo.

Yeye mwenyewe alikuwa na kompyuta. Aliinunua alipostaafu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutazama filamu, alianza kujifunza kuandika programu. Mwanafunzi wake wa zamani, Sylvester, aliyekuwa anafanya kazi hizo Arusha, alimtumia masomo ya lugha ya Python, na Mwalimu akayafuata moja baada ya jingine, kama alivyofuata kamba shambani. Programu yake ya kwanza iliuliza jedwali la kuzidisha. Ukikosea, iliandika: *Rudia*. Marieta aliijaribu mara moja akasema ina tabia za mwenyewe.

Akiendelea na masomo hayo, alikuta zoezi moja ambalo lilimfanya aache kutafuna karanga zake. Ilikuwa programu ya kutazama skrini ya kompyuta iliyo mbali. Wewe uko huku, mwenzako yuko kule, lakini kwenye dirisha lako unaona kila anachofanya kwenye skrini yake. Zoezi lilikuwa la wanaoanza, kwa hiyo programu ilitazama tu. Haikuweza kugusa kitu, wala kuandika, wala kusema. Wanafunzi wengine wangeona huo ni upungufu. Mwalimu Xavery aliona ni kusimama nyuma ya kiti.

Akampigia Sylvester.

"Shikamoo Mwalimu," Sylvester akasema. "Mbona programu za namna hiyo zipo tayari? Tena za bure. Unapakua tu."

"Za watu hizo."

"Za watu, ndiyo, lakini zinafanya kazi vizuri, Mwalimu."

"Hata maandazi yapo dukani. Mbona mama yako alikuwa anapika?"

Sylvester akamtumia zoezi zima.

Kazi yenyewe, ukiielewa, si ya ajabu. Upande mmoja unapiga picha ya skrini yake, unaibana iwe ndogo, unaituma. Upande wa pili unaipokea, unaifungua, unaibandika dirishani. Kisha picha nyingine, na nyingine, kwa haraka kiasi kwamba macho yanadanganyika na kuona kitu kinatembea. Mwalimu aliazima kompyuta ya zamani parokiani, akaiweka meza ya jikoni, akamkalisha Marieta mbele yake acheze karata, na yeye akakaa sebuleni na yake.

Picha ikaja nusu. Juu palionekana karata vizuri kabisa, chini kijivu kitupu. Akarekebisha, ikaja robo. Akarekebisha tena, ikaja nusu ya picha moja na nusu ya nyingine zimegandana. Siku nyingi zilipita hivyo. Marieta akaanza kuwaambia majirani kwamba mume wake anamwona nusu nusu.

Kosa lilikuwa la kufikiri. Mwalimu alidhani picha ikitumwa inafika kama kifurushi kimoja kilichofungwa. Kumbe inamiminika, kama maji kwenye bomba, na anayepokea hajui ya picha hii yameishia wapi na ya picha nyingine yameanzia wapi. "Mwambie kwanza ukubwa," Sylvester akamweleza. "Kabla ya kila picha tanguliza ukubwa wake. Akishapokea kiasi hicho, ajue imekamilika, afungue." Mwalimu akatanguliza ukubwa. Asubuhi moja, dirisha la sebuleni likajaa karata kutoka juu mpaka chini, na karata moja ya kopa ikasogea yenyewe kwenda upande wa kulia.

"Kwa nini unaweka kopa hapo?" akauliza kwa sauti.

Marieta akatoka jikoni mbio. "Umeonaje?"

"Nimeona."

Wewe ungedhani atafurahi. Marieta akashika kiuno. "Baba Gaude, hii si nzuri. Mtu yuko kwake, ametulia, wewe unachungulia bila hata hodi? Yule sasa ni mke wa watu."

Mwalimu hakuwa amelifikiria hilo, na lilikuwa kweli kabisa. Akarudi kwenye programu akaiwekea hodi. Sylvester alikuwa amempa nafasi kwenye kompyuta moja ya mtandaoni ya kukaa katikati, kwa sababu Endagikot na Basotu zisingeweza kuonana moja kwa moja. Mwalimu akaifanya iwe mlinzi wa geti: kila upande unaiendea, unaitajia neno la kufungulia, na maneno yakilingana, inawaunganisha. Binti asipoandika neno, baba haoni kitu. Marieta akaridhika.

Likabaki neno lenyewe. Mwalimu alilitafuta kwa muda ambao watu hutafutia jina la mtoto. Alifikiria jina la ng'ombe wa nyumbani, akaona ni mzaha. Alifikiria Endagikot, akaona ni kama kumkumbusha binti kwamba si wa kule alipo. Ndipo akamkumbuka mzee Gidamis na dume lake, na moyo ukamtulia. Jina lake ndilo litakuwa neno. Kila Gaudensia atakapofungua kompyuta ile kumwonesha baba yake kitu, atamtaja kwanza mzee aliyeinunua. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yake, na aliiona ni nzuri kuliko mbuzi.

Akamtumia programu kwa barua pepe, kisha akapiga simu na kusema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa mkupuo mmoja. Alieleza namna ya kuifungua na wapi pa kubonyeza. "Ikikuuliza neno," akamalizia, "andika jina la mkwe wako. Gidamis. Herufi ndogo zote."

Upande wa pili pakawa kimya.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Asante sana, baba."

Jumapili, baada ya misa, Mwalimu alivaa shati la kanisani, akaketi, akafungua dirisha lake, akaandika neno. Dirisha likawa kijivu, na katikati maandishi aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Tunamsubiri mwenzako*. Akasubiri. Chai ikapoa. Alipopiga simu, Gaudensia alisema kazi zilimzidi, labda Jumapili ijayo. Jumapili iliyofuata kulikuwa na wageni. Iliyofuata tena, alisema bado.

"Kompyuta ina shida?"

"Haina, baba."

"Mtandao?"

"Upo, baba."

"Haya," akasema Mwalimu. "Vizuri."

Alifunga kompyuta taratibu, akatoka kwenda shambani, na huko alipalilia mahali palipokwishapaliliwa. Aliona sasa amejua. Binti hataki kutazamwa. Amekuwa mtu mzima, ana nyumba yake, na mzee wake kamtengenezea kitu cha kumsimamia mgongoni, naye kwa adabu yake anashindwa kusema hapana. Kila mara alipolipitisha wazo hilo kichwani lilimuuma upya, na hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Marieta alimwacha akae na unyonge wake mpaka alipoona chakula kinabaki kwenye sahani. "Nenda Basotu," akamwambia.

"Nikafanye nini?"

"Kumwona mtoto wako."

"Nitasema nimekuja kwa sababu gani?"

Marieta akamtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekosa saba mara nane. "Sema umekuja kutengeneza programu, basi. Wewe na sababu zako!"

Hivyo programu iliyotengenezwa ili mtu asisafiri ikamsafirisha mwenyewe. Mwalimu alifunga mfuko wa vitunguu swaumu, akavaa koti, akapanda basi la kupitia Dongobesh na Haydom, na kutoka hapo akashuka na magari mengine mpaka Basotu, barabara ikiwa na tope na mashamba ya ngano yakiwa yamenyooka pande zote. Hilo la kunyooka lilimfariji kidogo.

Bodaboda ilimfikisha kwa mzee Gidamis mchana. Mzee alitoka nje mwenyewe, mrefu, shuka begani, fimbo mkononi.

"Shikamoo mzee," Mwalimu akasema, maana alikuwa amezidiwa umri kwa mbali.

"Marahaba, marahaba, Mwalimu. Karibu. Ng'ombe wa huko hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama?"

"Hajambo."

"Basi vizuri." Wakatazamana wakiwa wameridhika, mazungumzo yamekwisha.

Gaudensia alikuja akikimbia kutoka nyumba ya nyuma, akajikumbuka, akapunguza mwendo, akapiga goti dogo. "Shikamoo baba." Macho yalikuwa yanang'aa. Mwalimu alitafuta kwenye uso ule dalili ya mtu asiyetaka kutazamwa na baba yake, na hakuiona. Hapo akachanganyikiwa zaidi.

Baada ya maziwa ya kibuyu, na maswali machache kuhusu mvua, akaona asipige chenga. "Nimekuja kwa ajili ya ile programu," akasema. "Lete kompyuta."

Gaudensia akamtazama mkwewe, akamtazama baba yake, akaenda kuileta. Wakakaa wote mezani: Mwalimu, binti, mzee Gidamis aliyetaka kuona dume lake linafanya kazi gani, na Monica, dada yake Tito, aliyekuwa anachagua maharage kwenye ungo. Tito alikuwa malishoni. Programu ikafunguka bila taabu. Kisanduku kikatokea kikiuliza neno la kufungulia.

"Haya. Andika," Mwalimu akasema.

Gaudensia akaweka vidole juu ya vitufe. Vikakaa hapo. Shingo ikainama, na vidole havikushuka.

"Umesahau? Ni jina la mzee hapa. Ni hilo tu."

"Sijasahau, baba." Akasimama. "Ngoja niangalie chai." Akatoka, na jikoni wala hapakuwa na chai.

Monica alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Alijizuia, ikashindikana, akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Mwalimu, nisamehe. Ndilo neno hilo ulilomwekea? Jina la baba?"

"Ndiyo. Kwa heshima."

"Basi umemfunga kamba wifi yangu. Kwetu mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe. Hata likiwa la mtu mwingine analizunguka. Kuna mtoto darasani kwake ana jina hilo hilo. Wifi alipoona atashindwa kumwita, akamfanya kapteni. Sasa anamwita Kapteni, na mtoto ana kiburi hatari."

Mwalimu Xavery macho yakamtoka. Habari za desturi hiyo alishawahi kuzisikia, kama mtu anavyosikia mambo ya jirani, akadhani ni ya mabibi wa zamani. "Lakini nilimwambia aandike," akajitetea. "Sikumwambia ataje."

"Tulimwambia hivyo hivyo. Anasema vidole vyake navyo vimeolewa."

Mzee Gidamis akagonga fimbo sakafuni taratibu. "Mwalimu, nikuambie. Mimi nilimwambia huyu mtoto kwa mdomo wangu. Nikasema, binti, wewe ni Mwiraqw, si wa kabila letu, umekuja na mambo ya kwenu, tena mwalimu. Nitaje tu, sitakasirika. Akakataa. Nikamuuliza, nani anakulazimisha? Akasema baba yangu, siku ya harusi, aliniambia niangalie mnavyofanya nifanye hivyo. Akasema baba yangu hasemi mengi, kwa hiyo akisema nashika." Mzee akaegemea fimbo yake. "Mimi wakwe wengine wa kwetu kabisa wanateleza. Huyu hajateleza. Nikasema, huyo baba yake nitamheshimu."

Mwalimu alikuwa amesahau kabisa aliyoyasema harusini. Aliyakumbuka tu yale ambayo hakuyasema.

Akainuka, akamfuata bintiye uani. Gaudensia alikuwa amesimama karibu na zizi, anajifanya anatazama ndama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba?" Akamgeukia. "Uliliweka kwa heshima. Nikikuambia si zuri, nakukosoa. Nikiliandika, namkosea mzee. Nikaona bora nisubiri tu, labda utaliona mwenyewe. Kila Jumapili nilikuwa naifungua, baba. Naiangalia ile sehemu ya neno. Nilijua upo upande wa pili umekaa."

"Ulijua?"

"Na shati la kanisani."

Mwalimu Xavery akatazama ndama na yeye. Kumbe Jumapili zote zile, alipokuwa anatazama ukijivu mtupu, mwanaye alikuwa amekaa mbele ya ukijivu huo huo, wametenganishwa na neno moja la shukrani. Alisikia furaha na aibu kwa pamoja, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa. Akaweka mkono begani kwa bintiye, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti akiwa darasa la nne, na hakujua autoe lini.

"Chagua wewe neno," akasema.

Gaudensia akafikiri, kisha akacheka kupitia machozi. "Tuweke kapteni."

Waliporudi ndani na kumweleza mzee Gidamis, alicheka kwa mara ya kwanza mbele ya mkwe mwenzake. "Basi na mimi nimepata cheo," akasema. Kuanzia jioni ile Monica akaanza kumsalimia "shikamoo Kapteni," na mzee akaitika bila kubisha.

Mwalimu alirudi Endagikot na kibuyu cha siagi. Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, hakubadili shati. Akaketi mezani sebuleni, akafungua dirisha lake, akaandika neno jipya. Dirisha likawa kijivu. *Tunamsubiri mwenzako.*

Picha ikaja, juu kwanza, kisha yote mpaka chini. Skrini ya Gaudensia ilikuwa na picha ya ng'ombe wa mzee wakinywa maji ziwani. Juu yake ukafunguka ukurasa mweupe, na herufi zikaanza kutokea, moja moja, hakuna mkono unaoonekana.

*Shikamoo baba.*

"Marahaba," Mwalimu akasema, kwa sauti, kuiambia kompyuta. Alijua haisikii. Aliiandika mwenyewe, alijua kila mstari wake: inaona tu, haifikishi kitu.

Ukurasa ukatulia, kisha zikaja herufi nyingine.

*7 x 8 = 54*

Kistari cha kuandikia kikakaa baada ya ile nne, kikiwaka na kuzimika, kikiwaka na kuzimika. Hakikuendelea. Mwalimu Xavery akageuka kutazama mlango wa jikoni, akageuka tena. Akasimama. Akasukuma kiti chake mbele, akaenda nyuma yake, akaweka mikono mgongoni.

Akakohoa.

Kule Basotu, ile nne ikafutika. Tano ikakaa peke yake kidogo, halafu ikaja sita.

"Baba Gaude!" Marieta akaita kutoka jikoni. "Umeleta mafua huko ulikotoka?"

Mwalimu alitaka kumjibu, lakini alikuwa analia, kwa hiyo akakohoa tena.